Yai Lazima Lipoteze Maji

Mapipa yalizikwa katika samadi ya farasi hadi karibu na mdomo, na ndani yake yakateremshwa vikapu vilivyojaa mayai ya kuku. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Ufaransa wa karne ya 18, René-Antoine Ferchault de Réaumur, yule aliyebuni kipimajoto chenye digrii 80 kati ya barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka. Kwa hiyo joto halikumpa taabu. Alikwisha kupima joto la kuku anayeatamia na kukuta ni digrii 32 kwa kipimo chake, sawa na nyuzi 40 tunazozijua leo, na samadi inayooza ilitosha kabisa kulifikia joto hilo na kulidumisha. Hata hivyo mayai yake ya mwanzo yaliviza, kundi baada ya kundi.

Chanzo cha vifo hivyo kilikuwa mvuke. Samadi inapooza hutoa joto na unyevu kwa pamoja, na unyevu huo ulipenya kwenye mbao za mapipa ukayazingira mayai mchana na usiku. Réaumur akaamuru mapipa yapigwe plasta kwa ndani, midomo yake ibaki juu ya samadi, na vifuniko vitobolewe matundu yanayoweza kuzibwa na kuzibuliwa. Vifaranga wakatoka. Mwaka 1749 alichapisha kitabu cha juzuu mbili kuhusu namna ya kuangua na kulea ndege wa kufugwa majira yote ya mwaka, na humo akaeleza kila alichokifanya kwa subira ya ajabu. Hata mkulima asiye na uwezo wa kununua kipimajoto alifikiriwa: achanganye siagi na mafuta ya mnyama katika kichupa, akiweke kando ya mayai, aangalie mchanganyiko unapoyeyuka na unapoganda.

Wazo lenyewe hakulianzisha yeye. Lilitoka Misri, ambako watu walikuwa wakiangua mayai bila kuku tangu kale. Aristotle aliandika kuhusu mayai ya Misri yanayoanguliwa kwa kufukiwa katika samadi, na Diodorus wa Sicilia, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliwasifu Wamisri wanaototolesha ndege kwa mikono na akili zao. Wasafiri wa Ulaya wa baadaye walikuta majengo makubwa ya matofali ya udongo: ujia mrefu katikati, na vyumba vya ghorofa mbili kila upande. Mayai yalilazwa kwenye chumba cha chini; juu yake, katika mifereji ya chumba cha pili, uliwashwa moto wa kinyesi kikavu cha mifugo kilichochanganywa na majani makavu. Ufundi ulikuwa mikononi mwa familia chache, wengi wao wakitoka kijiji cha Berma katika Delta ya Mto Nile, na baba aliurithisha kwa mwana. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi alichukua yai akaligusisha kwenye ukope wa jicho lake, mahali ambapo ngozi ni laini kuliko kwingine, akajua kama moto upunguzwe au uongezwe. Réaumur alisema Misri ingefaa kujivunia majengo hayo kuliko piramidi zake, nami nakubaliana naye. Piramidi zilihifadhi wafu wachache. Tanuri hizi zililisha watu kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Mafundi wa Berma waliwezaje kutawala unyevu bila chombo cha kuupima? Sehemu kubwa ya jibu imo katika wingi wa mayai. Yai la kuku la gramu 60 hupoteza takriban gramu 9 za maji katika siku 21 za kuatamiwa, na maji hayo hutoka kama mvuke usioonekana. Jaza chumba kimoja mayai 5,000 na utakuwa umeweka humo lita 45 za maji zitakazotoka polepole kwa wiki tatu. Kuta nene za udongo hunyonya mvuke unapozidi na kuurudisha unapopungua, na matundu ya paa hutoa uliobaki. Chumba kilijitengenezea hali ya hewa yake, na kazi ya fundi ikawa kuilinda isivurugwe.

Faida hiyo ya wingi ndiyo iliyopotea pale watu wa Ulaya na Marekani walipotaka mashine ndogo, ya mayai 50 au 100, ikae kwenye chumba cha nyumba ya mkulima. Mayai machache hayawezi kuinyevusha hewa inayoingia na kutoka. Na hewa yenyewe ina tabia inayowasumbua wafugaji mpaka leo: ukiipasha moto, kiu yake inaongezeka. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke; ipashe ifike nyuzi 38, uwezo wake unapanda hadi gramu 46. Kwa hiyo hata hewa ya asubuhi yenye ukungu, iliyoshiba maji kabisa, ikiingia katika sanduku la kutotolesha inageuka kuwa hewa yenye unyevu usiofika asilimia 40. Hakuna tone lililoondolewa, ila sasa inavuta maji popote inapoyapata, na palipo na maji mengi zaidi ndani ya sanduku hilo ni kwenye mayai.

Réaumur alikuwa na vipande vyote viwili vya fumbo mkononi. Kwenye mapipa aliona maji yaliyozidi yanavyoua. Na alikuwa pia amechunguza namna ya kuhifadhi mayai ya kula, akayapaka vanishi au mafuta kwa sababu alitambua kwamba yai hutoa jasho kupitia ganda lake, na likizibwa hukaa muda mrefu bila kuharibika. Yaani alijua yai linakauka, na alijua kuna hewa isiyoliruhusu kukauka. Kilichokosekana kilikuwa swali la kiasi: likauke kwa kadiri gani? Swali hilo lilisubiri zaidi ya karne moja.

Katika karne ya 19 wabunifu walishughulika zaidi na joto. William James Cantelo alionyesha London mashine iliyopasha mayai kwa juu kwa maji ya moto, akimwiga kuku anayelalia. Mwaka 1881 Charles Hearson wa Uingereza alitatua tatizo la kudhibiti joto kwa kifuko kidogo cha chuma chenye kimiminika kinachochemka kwa joto dogo: sanduku likipata moto kupita kiasi, kifuko kinavimba, kinasukuma fimbo, na joto la taa linaelekezwa nje. Mtu aliweza kulala usingizi akaamka akakuta nyuzi zilezile. Kinachonivutia zaidi kwa Hearson ni kile alichokiweka chini ya mayai. Hapo palikuwa na trei ya maji na kitambaa kinachonyonya maji hayo, na hewa safi haikufika kwenye mayai mpaka ipite kwenye kitambaa kilicholowa. Huyu alielewa kwamba sanduku la moto ni sanduku la ukame.

Upande wa pili wa Atlantiki kazi ilikuwa kubwa na kelele zilikuwa nyingi. Huko Petaluma, California, Lyman Byce alianza kutengeneza mashine zake mwaka 1879, na katika miongo michache mji huo mdogo ukawa maarufu dunia nzima kwa kuku na mayai. Mashine za taa ya mafuta ziliuzwa kwa katalogi na kusafirishwa kwa reli mpaka mashamba ya mbali. Kila muuzaji alikuwa na mafundisho yake kuhusu maji. Kuna waliosema weka sahani ya mchanga uliolowa, kuna waliosema sponji, na kuna waliowaambia wakulima wanyunyizie mayai maji ya vuguvugu kila siku. Katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, Charles Cyphers alikwenda kinyume na wote. Kampuni yake ilitangaza mashine isiyohitaji maji: hewa ndani yake ilipita taratibu kwenye tabaka za kitambaa kizito, bila mkondo wa kukausha, na mayai yakaachwa yajitengenezee unyevu wao. Wakulima waligawanyika makundi mawili, wa maji na wa bila maji, na kila kundi lilikuwa na vifaranga wa kuonyesha.

Ugomvi huo ulidumu kwa sababu pande zote zilisema kweli kuhusu mahali zilipokaa. Mtu aliyeweka mashine kwenye chumba cha chini ya ardhi, chenye kuta za mawe zinazotoa jasho, aliongeza maji akapata vifaranga waliovimba na kufa. Jirani yake aliyeiweka chumba cha juu, kando ya jiko la kuni, alifuata ushauri wa bila maji akakuta vifaranga wamenaswa katika utando uliokauka kama karatasi. Wakaandikiana kwenye magazeti ya kilimo kwa miaka, wakibishana juu ya mashine, ilhali tofauti ilikuwa kwenye hewa ya vyumba vyao.

Aliyetaka kuumaliza ubishi huo alihitaji mizani. Mwanzoni mwa karne ya 20 James Dryden, mtafiti wa kituo cha majaribio ya kilimo cha Utah, eneo kavu la nyanda za juu, alianza kupima uzito wa mayai yaliyoatamiwa na kuku na yaliyo ndani ya mashine, akilinganisha kiasi cha maji kilichopotea. Mwaka 1909 Milton Hastings, aliyekuwa mtaalamu wa kuku katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alichapisha kitabu chake The Dollar Hen na kutoa nafasi kubwa kwa jambo hilo. Katika suala la kutotolesha aliona mbali. Alizitazama tanuri za Misri akaona kwamba nguvu yake iko kwenye wingi wa mayai yanayogawana hewa moja, akajenga chumba kikubwa cha kuangulia ambamo feni ilizungusha hewa ili kila yai lipate joto lilelile na unyevu uleule. Samuel B. Smith wa Ohio alipata hataza ya mashine ya feni mwaka 1918, akawashtaki walioiga, na kesi zikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1935 mahakama hiyo iliikubali hataza yake. Mwaka 1937, ilipoonyeshwa ushahidi wa kazi ya Hastings, ikaibatilisha kwa kuwa Hastings alikuwa ametangulia. Mashine nyingi ndogo za nyumbani zinazouzwa leo zikiwa na feni ndani zinafuata wazo hilo.

Huko Chuo Kikuu cha Cornell, mhamiaji kutoka Urusi, Alexis Romanoff, alitumia maisha yake yote kuchunguza yai, akifanya majaribio mengi juu ya athari za unyevu kwa kiinitete. Vitabu vyake viwili vikubwa, cha mwaka 1949 na cha mwaka 1960, bado vinanukuliwa.

Lakini jibu kamili la swali la Réaumur lilitoka Buffalo, mji uleule wa Cyphers, na kwa mtu ambaye hakuwa mfugaji. Hermann Rahn alikuwa mtaalamu wa upumuaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishughulikia upumuaji wa marubani wanaoruka juu sana, ambako hewa ni nyepesi. Miaka ya 1970, pamoja na Amos Ar na Charles Paganelli, aliligeukia yai kwa sababu lilimpa jambo ambalo mapafu hayatoi: kiumbe kinachopumua bila kuvuta pumzi. Ganda la yai la kuku lina matundu yapatayo 10,000, membamba mno kuonekana kwa macho. Hewa haisukumwi kupitia matundu hayo. Inapenya yenyewe, kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo. Katika siku 21 yai la gramu 60 huingiza lita 6 hivi za oksijeni, na hutoa lita 4.5 za kaboni dayoksaidi na lita 11 za mvuke wa maji. Njia ni ileile moja. Ganda lisilopitisha maji lisingepitisha oksijeni pia.

Vipimo vyao vilionyesha kwamba ndege wa aina mbalimbali, wenye mayai madogo na wenye mayai makubwa, hupoteza sehemu inayokaribiana sana ya uzito wa yai katika kipindi chote cha kuatamia, karibu asilimia 15. Ndege wa yai dogo huatamia siku chache, wa yai kubwa siku nyingi, na matundu ya ganda yamepangwa ili hesabu itoke vilevile.

Sababu yake ni nzuri kuijua kwa yeyote anayetotolesha. Kiinitete huishi kwa kuchoma mafuta ya kiini cha yai, na mafuta yanapochomwa mwilini hutoa maji. Kama maji hayo mapya hayatatoka, kifaranga atakomaa akiwa ameloa kupita kiasi. Kwa hiyo yai lazima lipoteze maji ili kifaranga anapotoka awe na uwiano wa maji unaofanana na ule wa yai bichi. Na nafasi inayoachwa na maji haibaki tupu: hewa huingia, na chumba cha hewa kwenye upande butu wa yai hupanuka siku hadi siku. Karibu na siku ya 20 kifaranga hutoboa utando kwa mdomo wake na kuvuta humo pumzi yake ya kwanza ya mapafu. Yai lililokaa kwenye unyevu mwingi lina chumba kidogo mno. Kifaranga mnene, amejaa maji, anakosa hewa akiwa hajalidonoa ganda. Yai lililokaushwa lina chumba kikubwa, lakini utando umemgandama kifaranga, hawezi kujizungusha ili avunje ganda pande zote. Vifo vya mapipa ya samadi na vifo vya sanduku la kando ya jiko vina maelezo mamoja.

Rahn, kwa kuwa alitoka kwenye mambo ya marubani, alitazama pia milima. Hewa ikiwa nyepesi, mvuke hupenya matundu kwa kasi zaidi. Mwaka 1977 yeye na wenzake waliripoti kwamba ndege wanaotaga kwenye miinuko mikubwa, wakiwemo kuku waliofugwa kwenye kituo cha utafiti cha mlima White huko California, kiasi cha mita 3,800 juu ya bahari, hutaga mayai yenye njia finyu zaidi za kupitisha mvuke. Mwili wa kuku hurekebisha ganda kulingana na mahali anapoishi.

Matokeo hayo yanatugusa moja kwa moja Afrika Mashariki, ambako mashine za kutotolesha za nyumbani zimeenea, za kununua na za kuundwa na mafundi wa mitaani kwa mbao au kwa friji bovu lililofungwa balbu na feni. Maelekezo yanayokuja na mashine hizo aghalabu ni ya namna moja: jaza maji kwenye mfereji, unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo. Chukua hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Ikipashwa hadi nyuzi 38, bila tone la maji kuongezwa, inabaki na unyevu wa karibu asilimia 50. Chukua sasa hewa ya Nairobi mwezi Julai, nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 80. Ndani ya mashine inashuka hadi kati ya asilimia 20 na 25. Zaidi ya hayo, yai lililotagwa pwani likapandishwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, litapitisha mvuke kwa kasi iliyozidi kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Mfugaji wa Dar anayejaza mfereji kwa sababu karatasi imesema hivyo anawazamisha vifaranga wake. Wa Nairobi anayesikia kwamba mwenzake wa pwani hatumii maji, akamwiga, anawakausha. Ni ugomvi uleule wa wakulima wa Marekani, na unanisikitisha kuuona ukirudiwa wakati jibu limeshapatikana.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja inatosha kabisa. Trei ya mayai 30 yenye gramu 1,800 siku ya kwanza inapaswa kupoteza kati ya asilimia 11 na 13 kufikia siku ya 18. Tukichukua asilimia 12, ni gramu 216, yaani gramu 12 kwa siku, na siku ya 7 mizani isome karibu 1,716. Ikisoma 1,690, mayai yanakauka haraka: ongeza upana wa chombo cha maji, kwa kuwa mvuke hutokana na ukubwa wa uso wa maji, wala si kina chake. Ikisoma 1,750, punguza maji au fungua matundu ya hewa zaidi. Mayai yasiyo na mbegu nayo hupoteza maji, kwa hiyo ukiyatoa baada ya kupima kwa tochi, pima uzito wa trei upya uanzie hapo.

Vipimaunyevu vya bei nafuu hukosea mara nyingi, lakini vinaweza kusahihishwa. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe kwa maji kidogo bila kuiyeyusha yote, ifungie pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa saa kadhaa. Hewa humo itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, umejua kinapunguza 7.

Baada ya siku ya 18 mayai hayageuzwi tena, na unyevu hupandishwa hadi asilimia 65 au 70, kwa sababu sasa maji yaliyotakiwa kutoka yameshatoka na kilichobaki ni kuuweka utando laini wakati kifaranga anadonoa. Hapo mlango usifunguliwe kila anaposikika mlio, maana unyevu hutoroka kwa dakika moja na huchukua muda mrefu kurudi, na aliyeanza kutoboa ndiye anayeumia kwanza. Matundu ya hewa, hata hivyo, yaachwe wazi: vifaranga wote waliomo sasa wanapumua kwa mapafu, na wanatumia oksijeni nyingi kuliko siku nyingine yoyote tangu mayai yaingie kwenye trei.